Bei ya Yuniti Haipatanwi, Bili Inajadilika

Kwenye dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma tunapokea watu wa aina mbili. Mmoja anataka apunguziwe bei ya umeme, akiambiwa haiwezekani anaondoka kwa hasira. Mwengine amelipa kimya kimya, miezi kadhaa, bili aliyokuwa na shaka nayo, kwa kudhani kilichochapwa na kompyuta hakiulizwi. Huyu wa pili ndiye anayepoteza zaidi.

Tumalizane kwanza na bei. Karani wa dirishani hapa Zanzibar, awe wa ZECO, shirika la umeme, au wa ZAWA, mamlaka ya maji, hana uwezo wa kukupunguzia hata shilingi moja kwenye bei ya yuniti ya umeme au ya maji. Bei hizo huidhinishwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar iliyoundwa kwa Sheria Nambari 7 ya 2013, ambayo wengi tunaijua kwa kutangaza bei za mafuta kila mwezi. Na sehemu kubwa ya umeme wenyewe tunaununua Bara: Unguja unafika Fumba kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, na Pemba una waya wake wa kutoka upande wa Tanga tokea 2010. Gharama hiyo haishuki kwa kubembeleza dirishani. Pahala pa kuisemea bei ni kwenye mikutano ya maoni inayoitishwa kabla ya bei mpya kupitishwa, na kwa bahati mbaya huko ndiko viti vinakobaki vitupu.

Kinachojadilika ni vyengine: kiasi ulichoandikiwa, daraja uliyowekwa, na namna ya kulipa deni.

Anza na kiasi, na hapa maji ndiyo yenye mambo. Mita ya maji husoma kwa mita za ujazo. Moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Bili ikikwambia umetumia 60 kwa mwezi, hayo ni madumu 3,000, wastani wa madumu 100 kila siku. Jiulize kama nyumba yako ya watu watano kweli inachota hivyo. Kisha pima mwenyewe. Siku ambayo maji yanatoka na tangi limeshajaa, funga mifereji yote, soma nambari za mita, kaa saa mbili bila ya mtu kugusa maji, usome tena. Zikiwa zimesogea, maji yanavuja ndani ya mipaka yako, na mara nyingi mkosaji ni boya la tangi au choo cha kuvuta. Hapo tafuta fundi kabla ya kumtafuta karani. Zisiposogea, linganisha kiasi kinachosomeka kwenye mita na kilichoandikwa kwenye bili. Tofauti ikiwa kubwa, pengine msomaji hakufika mwezi ule na kiasi kimekadiriwa. Kwenye mitaa ya maji ya zamu lipo jambo jengine ambalo wateja wachache hulitaja: upepo uliobaki ndani ya bomba unaweza kuizungusha mita kabla ya tone la kwanza kufika. Ukiisikia mita inavuma na mfereji unapuliza, piga picha ya video.

Umeme wa Tukuza, yaani wa kulipia kabla, hauna msomaji, lakini una risiti. Fedha ile ile ikikupa yuniti chache kuliko zamani, usibishane na muuzaji wa dukani. Nenda ofisini ukaombe mchanganuo: kodi ni kiasi gani, na je, unakatwa deni la nyuma? Wapo wanaolipia deni la mpangaji aliyehama bila ya kujua. Uliza pia daraja. Nyumba iliyokuwa na duka barazani, likafungwa, inaweza kuwa bado imeandikwa ya biashara. Hilo halijirekebishi mpaka mwenyewe aseme.

Namna ya kusema ina uzito wake. Ukifika unagomba, utamalizwa kwa jawabu la haraka. Chukua bili tatu za nyuma, picha ya mita yenye tarehe, na karatasi uliyopiga hesabu. Baada ya salamu sema unachotaka, kwa ukamilifu: "Nimekuja kuhusu bili ya mwezi wa Mei. Mita yangu inasoma hivi, bili imeandikwa hivi. Naomba isomwe upya, na nisikatiwe huduma mpaka nipate jawabu." Umeomba mambo mawili yanayowezekana. Omba barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala.

Deni la kweli lina mlango wake. Usingoje gari la kukata huduma lisimame uchochoroni. Nenda mapema na kiasi unachoweza kukitoa siku ile ile, hata kidogo, upendekeze kila mwezi utaongeza nini juu ya bili ya kawaida. Taja kiasi utakachokiweza hata mwezi wa Ramadhani na mwezi wa ada za skuli. Makubaliano yaandikwe.

Kwa kampuni binafsi mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu wao wanaogopa usije ukahama. Mwenye intaneti ya nyumbani aulize kama bei anayotangaziwa mteja mpya anaweza kuipata naye, na kama kulipa miezi mitatu kwa pamoja kuna punguzo. Kwenye simu, tokea 2017 unaweza kuhama mtandao na nambari yako ile ile. Litaje hilo kwa upole. Kifurushi cha kisimbuzi kishushe Juni na Julai, ligi kubwa za Ulaya zikiwa mapumzikoni, maana hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha. Boza la maji liagizwe na nyumba tatu kwa pamoja, na bei ipatanwe kabla bomba halijaingizwa tangini.

Jawabu lisipokuja, au likija halina maelezo, malalamiko ya maji na umeme yapeleke ZURA, ya simu na intaneti TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na ya biashara nyengine Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Wote watakuuliza swali moja mwanzo: mtoa huduma umeshamwandikia? Ile nakala yenye muhuri ndiyo jibu lako.

Na atakayekufuata nyumbani kukuahidi kuwa atakushushia bili kwa malipo utakayoyatuma kwenye simu yake binafsi, au ataigusa mita ili isome polepole, mfungie mlango. Kuchezea mita ni kosa la jinai, na siku ya ukaguzi yeye hatakuwepo. Mita imesajiliwa kwa jina lako.