Gitaa la kuundwa kwa mkono: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Mbao ngumu na nzito ndizo zenye sauti.”

Dhana hii ndiyo inayokula fedha za wengi. Mtu anahangaika kutafuta mpingo wa mgongo na mbavu (mbao za ubavuni), kisha usoni, yaani ubao wa mbele wenye tundu, anabandika plaiwudi ya milimita 4. Gitaa haliimbi kwa mgongo. Uzi ni mwembamba mno kusukuma hewa ya kutosha. Unatikisa daraja, yaani kipande cha mbao kinachoshika nyuzi usoni; daraja linatikisa uso, na uso ndio unaosukuma hewa. Kwa hiyo uso hutaka mti mwepesi lakini mkakamavu, kama sprusi (mti wa nchi za baridi, jamii ya msonobari) au mwerezi, uliopasuliwa ili mistari yake isimame wima ukiutazama kwa upande wa kichwani. Mwaka 1862 fundi wa Hispania, Antonio de Torres, aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu na uso wa sprusi, kuonyesha kwamba sauti inatoka usoni. Linahifadhiwa Barcelona.

Mpingo, mzito hadi unazama majini, una mahali pake: ubao wa vidole, pale nyuzi zinapobonyezwa, na daraja, kwa kuwa hauliki upesi. Mgongo na mbavu, mninga unatosha kabisa, maana hausinyai sana. Shingo, chukua mkangazi mkavu ulionyooka.

“Uso ukiwa mnene, gitaa ni imara.”

Ni imara, na ni bubu. Unene ukipungua kidogo, ukakamavu hupungua sana: ubao ukitoka milimita 3.0 hadi 2.5 umepoteza takriban asilimia 42 ya ukakamavu wake. Ndiyo maana nusu milimita ya mwisho haifai kuharakishwa. Kwa nyuzi za chuma, piga randa uso wa sprusi hadi milimita 3.2, kisha ushushe polepole kwa bati la kukwarulia, ukipima kila sentimita 5, hadi kati ya 2.6 na 2.9. Mwerezi ni laini zaidi. Uache mnene kidogo kuliko hapo.

Uimara unatoka kwenye fito za ndani. Hapa wengi huongeza upana, wakati kinachofanya kazi ni kimo: ufito ukipanuliwa mara mbili unakuwa mkakamavu mara mbili, ukiinuliwa kimo mara mbili unakuwa mkakamavu mara nane. Fito mbili kuu zinazopishana kama herufi X zinatosha kwa upana wa milimita 8 na kimo cha 14 au 15 pale zinapokutana, kisha zichongwe zishuke hadi milimita 2 au 3 kwenye ncha. Usipunguze pale zinapokutana. Ukipapunguza, baada ya miezi kadhaa uso unadidimia mbele ya daraja na kuvimba nyuma yake, na nyuzi zinakaa juu mno kwa vidole.

Na usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni. Seti nyepesi ya chuma huvuta kama kilo 70. Ya nailoni, kama 40.

“Mbao zilizokaa mwaka mmoja zimekauka.”

Zimekauka kwa kadiri ya hewa ya mahali zilipokaa. Mbao iliyokaa Dar es Salaam ina maji mengi kuliko iliyokaa Dodoma, hata kama ni ya mti mmoja. Chukua kipande cha gramu 50, kikaushe kwenye oveni yenye joto la sentigredi 103 hadi uzito ukome kushuka. Kikibaki gramu 44, gawanya 6 kwa 44: unyevu ni karibu asilimia 14, na hiyo bado haifai. Lenga asilimia 8 au 9.

Fito zibandikwe siku ambayo kipimo kinaonyesha unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50. Uso hutanuka na kusinyaa kwa upana, fito zilizoukatiza haziuruhusu. Ukibandika wakati wa masika, gitaa likifika penye hewa kavu uso unapasuka kufuata mistari ya mbao. Fundi wa pwani asiye na chumba kikavu atumie kabati lililofungwa, lenye balbu ya kutoa joto iliyo mbali na mbao, na kipimo cha unyevu ndani yake.

“Freti hupimwa kutoka moja hadi nyingine.”

Freti ni vipande vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole. Ukizipima hivyo na kukosea milimita 0.2 kila mara, kwenye freti ya 12 umepotea milimita 2.4, na hakuna namna ya kulipatanisha sauti gitaa hilo. Hesabu kila nafasi, kisha pima zote kutoka mfupa wa kichwani, kijipande kinachobeba nyuzi mwanzoni mwa shingo, bila kusogeza rula. Gawanya urefu wa uzi kwa 17.817 upate nafasi ya kwanza; kilichobaki gawanya tena, na kuendelea. Kwa uzi wa milimita 650: freti ya 1 ni 36.48, ya 2 ni 70.92, ya 5 ni 163.05, ya 7 ni 216.18, ya 12 ni 325. Mfupa wa darajani, unaobeba nyuzi upande wa pili, usogezwe nyuma kidogo kupita 650, zaidi upande wa nyuzi nene, kwa sababu kubonyeza uzi kunaukaza na kupandisha sauti yake.

“Bila mashine mbavu hazipindiki.”

Zinapindika kwa bomba la chuma lililopashwa moto hadi tone la maji liruke juu yake. Ubavu uwe milimita 2 kila mahali. Penye wembamba ndipo utakapovunjika.

“Gundi nyingi hushika zaidi.”

Gundi nyeupe ya mbao inatosha, mradi maungio yamepigwa randa siku hiyohiyo na mwanga haupiti katikati ukiyainua dirishani. Daraja likibanduka, mara nyingi limebandikwa juu ya vanishi. Kwarua vanishi yote chini yake hadi uone mbao tupu, kisha bana kwa saa 24.