Goti Lililofanyiwa Upasuaji wa ACL: Nani Yuko Hatarini Kuumia Tena, Mwanamke au Mwanamume?

ACL ni kitu gani, na upasuaji wake hufanya nini?

Ni ligamenti fupi, yaani utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa, iliyo ndani ya goti; jina lake kamili kwa Kiingereza ni anterior cruciate ligament. Huzuia mfupa wa muundi usisogee mbele kupita kiasi, na hulishikilia goti mchezaji anapogeuka ghafla. Ikikatika, kwa kawaida haitoshi kuishona. Daktari huchukua kano, yaani utepe unaounganisha msuli na mfupa, kutoka sehemu nyingine ya mwili, mara nyingi nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, akaipitisha kwenye matundu aliyotoboa mifupani ili iwe ligamenti mpya.

Wengi huumia bila kuguswa na mtu. Ametua vibaya, amegeuka ghafla, au amesimama kwa kishindo. Wachezaji wa netiboli wako hatarini sana, maana sheria haziwaruhusu kukimbia na mpira: ukiudaka, unasimama.

Ni kweli kwamba wanawake huumia zaidi?

Kwa jeraha la kwanza, ndiyo. Katika soka na mpira wa kikapu, hatari ya msichana kukatika ACL ni mara mbili hadi tatu ya mvulana anayecheza mchezo uleule. Sababu zinazotajwa ni nyingi: umbo la nyonga na goti, homoni, namna ya kutua. Mimi naongeza jambo lisilotokana na maumbile. Mvulana mara nyingi huanza mazoezi ya nguvu mapema na chini ya kocha, ilhali msichana huingizwa kwenye timu ya shule wiki chache kabla ya mashindano na kuambiwa aruke.

Basi baada ya upasuaji, mwanamke ndiye atakayeumia tena?

Hapa lazima uulize kwanza: goti lipi? Daktari Donald Shelbourne na wenzake wa Indianapolis, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,400 kwa miaka mitano na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Katika goti lililofanyiwa upasuaji, wanawake na wanaume walioumia tena walikaribiana mno: asilimia 4.3 kwa 4.1. Tofauti ilikuwa kwenye goti la pili, lile ambalo halikuwa limeumia. Wanawake 7.8 kati ya kila 100 waliliumiza, wanaume 3.7.

Kwa hiyo mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa goti la kushoto anapaswa kulitunza la kulia kwa bidii ileile. Megan Rapinoe, aliyekuwa mshambuliaji wa timu ya taifa ya soka ya Marekani, alikatika ACL ya kushoto mwaka 2006, akaikata tena 2007, kisha mwaka 2015 ikawa zamu ya kulia. Alirudi, na mwaka 2019 akatwaa Kombe la Dunia.

Kwa nini goti zima, lile lisilopasuliwa, ndilo liumie?

Kwa sababu chanzo cha jeraha la kwanza bado kipo. Upasuaji hurekebisha ligamenti, haubadilishi namna unavyotua. Aliyekuwa akitua huku magoti yakiingia ndani atatua hivyohivyo akirudi, miguu yote miwili. Tena kwa miezi kadhaa amekuwa akiegemea mguu mzima ili kuupumzisha ule mwingine, hata bila kujua.

Kwa hiyo wanaume wana nafuu?

Sivyo. Éder Militão wa Real Madrid alikatika ACL ya kushoto Agosti 2023, na ya kulia Novemba 2024. Isitoshe, tafiti zinaonyesha wanaume hurudi kwenye kiwango chao cha zamani cha mchezo zaidi ya wanawake. Anayerudi uwanjani ndiye anayeweza kuumia uwanjani. Ukilinganisha idadi ya waliojeruhiwa bila kuuliza nani alirudi kucheza, unaweza kudhani jinsia moja ina magoti imara kumbe wengi wao hawakucheza tena.

Tena kuna kitu kizito kuliko jinsia: umri. Katika utafiti uleule wa Indianapolis, walioumia tena goti lolote kati ya mawili walikuwa asilimia 17 ya wenye umri chini ya miaka 18, asilimia 7 ya wenye miaka 18 hadi 25, na asilimia 4 ya waliozidi hapo. Mvulana wa kidato cha tatu anayeharakishwa arudi kwa ajili ya fainali ananitia wasiwasi kuliko dada wa miaka 30.

Nisubiri miezi mingapi?

Isipungue tisa, na kwa vijana heri kuzidi. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba kila mwezi mchezaji aliosubiri, mpaka mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu.

Sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Kano iliyopandikizwa hupoteza damu yake ya awali. Ndani ya goti hulegea kwanza, mishipa midogo ya damu huingia polepole, na kukomaa kwake huchukua mwaka na zaidi. Mchezaji huacha kusikia maumivu karibu mwezi wa tatu, wakati kano bado ni dhaifu. Maumivu kuisha si ruhusa ya kucheza.

Binti yangu amefikisha miezi tisa, lakini huku kwetu hakuna mashine za kupima nguvu za misuli. Tutajuaje kama yuko tayari?

Mzazi, vipimo vingine havihitaji mashine, ila mtaalamu wa fiziotherapia awepo. Aruke kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo, mpime kwa futikamba, kisha arudie kwa mguu mwingine. Mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya ule mzima. Lakini msiridhike na hapo tu, kwani mguu mzima nao hudhoofika kwa kukaa.

Kisha ashuke kutoka kwenye ngazi ya kama sentimita 30, atue na kuruka juu mara moja, huku mtu akimrekodi kwa simu kutoka mbele. Tazameni picha polepole. Pia ya goti ielekee kidole cha pili cha mguu. Ikikimbilia ndani, goti lolote lile, bado hajawa tayari.

Na muulize kama anaogopa. Hofu hiyo isidharauliwe: wanawake huitaja zaidi, na mchezaji mwenye hofu hubadili namna anavyokimbia.

Je, aache michezo kabisa?

Siwezi kumshauri hivyo. Programu za kupasha mwili kama FIFA 11+, zenye mazoezi ya kutua, ya kusimama bila kuyumba na ya misuli ya nyuma ya paja, hupunguza majeraha ya ACL kwa wasichana zikifanywa kila wiki bila kukosa. Hazihitaji vifaa vya gharama, na huchukua dakika 20. Kocha asiyezitenga anawanyima wachezaji wake kinga iliyo mikononi mwake.

Lini nirudi hospitali haraka?

Ukisikia goti limelia "po!", likavimba ndani ya saa chache, au linaachia unapogeuka. Usilikande kwa nguvu wala kuchuliwa. Acha kucheza siku hiyohiyo, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na ukamwone daktari wa mifupa, hata kama ni goti ambalo halijawahi kukusumbua.