Malezi ya shujaa: nani alimlea mwenye nguvu?

Malezi ya shujaa ni ile sehemu ya hadithi inayotangulia mapigano: alizaliwa na nani, akabaki mikononi mwa nani, nani alimlisha na nani alimkanya. Vijana wa Goma wanaotazama filamu za mashujaa kwenye simu huisogeza mbele upesi, wafike kwenye majengo yanayoporomoka. Mwandishi lakini huko ndiko anakoamua shujaa wake atakataa kufanya nini hata akiwa na uwezo wa kukifanya.

Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1938, ni mfano rahisi. Sayari yake ya Krypton inalipuka, anarushwa duniani angali mchanga, anaokotwa na wakulima wa Kansas, Jonathan na Martha Kent. Mwili ni wa Krypton, adabu ni ya shambani. Sasa mweke pembeni mwa Homelander wa hadithi za The Boys, aliyetokea mwaka 2006. Naye anaruka, naye macho yake yanachoma chuma, lakini alikuzwa maabara kama mali ya kampuni, bila mtu wa kumwita mama. Anataka kushangiliwa kila saa, na anayemkera anaweza kufa. Nguvu ni karibu zilezile. Waliobadilishwa ni walezi.

Kuna wanaosema uchungu wa utotoni ndio unaozaa shujaa. Mimi siafiki. Batman aliona wazazi wake wakiuawa mbele yake. Magneto, wa hadithi za X-Men, alipoteza jamaa zake mikononi mwa Wanazi na kupitia Auschwitz. Batman tunayemjua leo ameapa kutoua. Magneto anaona binadamu wa kawaida hawaaminiki kamwe. Uchungu wote wanao. Ila yatima Bruce, ndiye Batman, alirudi kwenye nyumba yenye Alfred, mtumishi aliyegeuka mzazi na anayethubutu kumgombeza tajiri wake. Magneto alipotoka kambini, hakuna aliyekuwa akimngoja.

Spider-Man, wa mwaka 1962, alilelewa na Ben, ndugu ya baba yake, na May, mke wa Ben. Ile kauli kwamba uwezo mkubwa huja na wajibu mkubwa, watu humpa Ben. Katika hadithi ya kwanza ni msimulizi aliyeisema, si Ben. Wasomaji walimrudishia mlezi maneno ambayo mwandishi hakumpa, na naona walifanya vyema.

Lakini wa Kivu hana haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano. Magharibi ya Goma, Walikale, Wanyanga wana Mwindo. Simulizi yake ilinakiliwa mwaka 1956 kutoka kwa msimulizi Candi Rureke, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka 1969. Mwami, yaani mfalme, Shemwindo wa Tubondo anawaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Sita wanatii. Wa saba anamzaa Mwindo, mtoto anayezaliwa akitembea, akisema, na usinga mkononi. Baba anamrushia mikuki, haimpati. Anamzika, anatoka. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni.

Hapo nguvu zote anazo, na bado si shujaa. Ana sababu zote za kuwa Homelander. Anamtafuta Iyangura, shangazi yake, dada ya huyohuyo baba anayetaka kumuua. Kwetu shangazi ni upande wa baba, mbele ya kaka yake ana sauti ambayo mama wa mtoto hana, kwa hiyo kumkubali Mwindo si huruma tu: ni ukoo unaokataa amri ya mwami. Baadaye Mwindo anapomfuata baba yake kuzimu, anamwachia shangazi ncha ya kamba ili ajue kama yu hai. Baba hauawi, anarudishwa, na utawala unagawanywa kati yao.

Simulizi ingeweza kuishia hapo, na za Marekani nyingi zingeishia hapo. Mwindo, mwenye majivuno, anaua joka Kirimu, ambaye ni rafiki wa Nkuba, radi. Nkuba anampandisha mbinguni, na kwa mwaka mzima anateswa na baridi, mvua na jua, akikanywa asiue tena wanyama. Mtu mzima, mwami, anarudishwa kwenye malezi! Akishuka, anawapa watu sheria za kuishi pamoja. Kwa Wanyanga malezi hayakomi utotoni, na wanaolea si wazazi peke yao. Hili ndilo ninaloona linapungua kwa Superman: hakuna mzee wa kumwita akae chini.

Kwa hiyo kijana wa Goma anayechora shujaa wa hapa, akaanza na lava ya Nyiragongo kumpa nguvu, atakuwa amemaliza sehemu nyepesi. Volkano ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, wapo watoto waliopotezana na wazazi katika kukimbilia Sake na Gisenyi. Shujaa wake akiwa mmoja wao, aseme alilala kwa nani usiku ule, na kama huyo mtu alikuwa na chakula cha kutosha watoto wake mwenyewe. Akishajua hilo, maneno ya shujaa mbele ya adui hayatamsumbua kuandika.