Sumaku kali haikupi umeme wa bure

Swali limerudi tena: mota izungushe alternata (jenereta kama ile ya gari), alternata ichaji betri, betri iendeshe mota, na kwa kuwa sumaku haiishi nguvu, mtambo uzunguke milele na nyumba ipate taa. Safari hii limekuja na video ya gurudumu zito, mkanda, na multimita inayosoma volti 230. Tuanze na hiyo multimita, maana ndiyo inayowapoteza watu.

Multimita ya kidijitali huwa na ukinzani wa megaohmu 10 hivi. Kwenye volti 230 inavuta maikroampea 23 tu, yaani miliwati 5 na kitu. Jenereta isiyobebeshwa mzigo itaonyesha volti zake zote hata kama anayeizungusha hana nguvu ya maana. Chomeka pasi ya wati 1000, iache ichemke, halafu upime tena.

Kanuni ya Faraday mnaijua: uga wa sumaku (eneo ambamo nguvu yake inafika) ukibadilika ndani ya koili, yaani waya iliyoviringishwa, volti zinatokea. Koili ya mizunguko 200, eneo la sentimita za mraba 10, uga ukibadilika kwa tesla 0.2 ndani ya sekunde 0.01: volti 4. Uga ukitulia, hata uwe mkali namna gani, sifuri. Hapo hapana ubishi.

Kinachorukwa ni kanuni ya Lenz ya mwaka 1834. Mkondo ukishapita kwenye koili, koili nayo inakuwa sumaku, na kila mara inapinga mwendo ulioizalisha: sumaku ikija inasukumwa, ikiondoka inavutwa irudi. Watu wanauita upinzani huu "hasara" kisha wanatafuta dawa yake: beringi laini zaidi, sumaku zilizopangwa mshazari, koili zilizofungwa kinyumenyume. Si hasara! Msuguano wa beringi ni hasara, joto la waya ni hasara. Huu upinzani ndio njia pekee ambayo kazi ya anayezungusha inapita hadi ikawa umeme. Ukifaulu kuuondoa wote, umeondoa na umeme wenyewe.

Usiniamini, jaribu. Chukua mota ya stepa (inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo) kutoka printa mbovu, ile ya waya nne. Zungusha shafti kwa vidole, waya zikiwa hazijagusana: utahisi vikwazo vidogo vidogo, hiyo ni sumaku ya rota (sehemu inayozunguka) inayovutana na meno ya chuma ya sehemu iliyosimama. Sasa gusanisha waya mbili. Kama ni za koili moja, shafti inakuwa ngumu papo hapo, na ukizidisha kasi nayo inazidi kukaza. Kama ni za koili tofauti, hakuna kinachobadilika (mafundi hutumia njia hii kutambua jozi za waya). Sumaku ni ile ile, beringi ni zile zile. Kilichoongezeka ni mkondo tu.

Sasa weka sumaku yenye uga mara mbili. Kwa kasi ile ile volti zinakuwa mara mbili, ni kweli. Lakini kwa ampea zile zile, nguvu ya kuzungusha inayotakiwa nayo inakuwa mara mbili. Wati 1000 kwa mizunguko 1500 kwa dakika zinadai nyutoni mita 6.4 kwenye shafti kabla hujahesabu hasara yoyote, na sumaku haina sauti katika hesabu hiyo.

Na lile gurudumu? Diski ya kilo 20 yenye kipenyo cha sentimita 50, ikizunguka mara 1500 kwa dakika, imebeba jouli 7,700 hivi. Taa na vifaa vya wati 500 vinazimaliza kwa sekunde 15. Ndiyo maana video nyingi ni fupi.

Mota ikiwa na ufanisi wa asilimia 80 na alternata ya gari asilimia 55, katika kila jouli 100 zinazotoka kwenye betri zinarudi 44. Hata vyote viwili vingekuwa asilimia 100, zingerudi 100 na taa isingebakiwa na kitu. Tena rota ya alternata ya gari kwa kawaida haina sumaku ya kudumu ya kutegemewa: ni koili inayolishwa na betri hiyo hiyo.

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Jioni watu wakiwasha pasi na majiko, rota zinalemewa, masafa yanataka kushuka chini ya hezi 50, na gavana (kidhibiti mwendo) inafungua maji zaidi. Sumaku ingekuwa inatoa nishati, maji ya nini?

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya shule vinalipita haraka mno. Vinasema umeme unatokea waya "inapokata mistari ya uga". Chukua diski ya shaba, ibandike kwenye sumaku ya duara, uzungushe vyote pamoja kama kitu kimoja. Hakuna kinachosogea kuhusiana na kingine, fluksi (jumla ya uga unaopita kwenye eneo) haibadiliki, na bado kati ya kitovu na ukingo wa diski kuna volti. Faraday mwenyewe aliliona hili. Mistari inazunguka na sumaku au imesimama? Kanuni ya Faraday, ile ya fluksi inayobadilika, haitoi jibu safi hapa, kwa sababu ndani ya diski pana hakuna waya mmoja wa kuufuata. Mimi huiacha mistari kabisa na kuhesabu nguvu juu ya elektroni zinazobebwa na diski ndani ya uga; jibu linatoka sawa na kipimo. Na hata diski hiyo, ukiiunganisha na mzigo, inakuwa nzito.