Malisho ya matawini: chakula cha kulungu mkia-mweupe

Malisho ya matawini ni sehemu za mti au kichaka ambazo mnyama huzila zikiwa bado kwenye mmea: majani, matumba, vichipukizi na ncha laini za vijiti. Twiga na mbuzi hula hivyo, tofauti na nyumbu na ng'ombe, ambao hutegemea zaidi nyasi. Huko Amerika Kaskazini, mlaji wa namna hii anayejulikana sana ni kulungu mkia-mweupe.

Kiangazi huwa na majani mengi mabichi, na vuli huleta kokwa za mwaloni. Kwa hiyo ni majira ya baridi, theluji inapofunika ardhi na miti mingi ikiwa imepukutisha majani, ndipo matawi yanapokuwa tegemeo lake kubwa. Hapo hupenda sana Thuja occidentalis, mti wa jamii moja na mtarakwa wetu, ambao majani yake hayapukutiki na ambao, ukisongamana, humkinga pia dhidi ya theluji na upepo. Hula vilevile Acer rubrum, mti unaopukutisha majani, na Cornus sericea, kichaka cha vijiti vyekundu. Kinachoshangaza zaidi ni Taxus canadensis, kichaka kisichopukutisha majani: mimea ya jenasi hiyo ni sumu kwa farasi, ng'ombe na binadamu, lakini kulungu huila hadi ikatoweka mahali pengine. Imebaki imestawi katika baadhi ya visiwa vya Apostle, ndani ya Ziwa Superior, ambako kulungu hawakuwahi kuwa wengi.

Kijiti chenyewe humtaja aliyekila. Kulungu hana meno ya mbele kwenye taya la juu, hivyo hukibana na kukivuta, akiacha ncha iliyochanika. Sungura hukikata mshazari, kana kwamba kwa kisu.

Hata hivyo, orodha ya miti anayoipenda kulungu haitoshi kueleza malisho ya matawini ni nini, kwa kuwa tawi lililo juu ya kimo chake si malisho hata likiwa tamu kiasi gani. Anapokuwa mwingi, miche ya Thuja, ambayo hukua polepole, huliwa kila mwaka kabla haijamzidi kimo, na msitu huachiwa miti asiyoipenda, kama Picea, yenye majani kama sindano, na Fagus, yenye majani mapana. Anayekuta msitu umejaa Picea changa asidhani kwamba ndiyo chakula chake. Mara nyingi ni mabaki, na Picea hizo zikianza kuliwa, kulungu wa hapo wana njaa.