Kukausha si kutawala hisia

Maofisini Posta, katikati ya Dar es Salaam, kuna imani kwamba mtu mweledi hana hasira wala hofu kazini. Akisemwa mbele ya wenzake, anakausha, nasi tunamsifu kuwa ana kifua. Kweli, jibu la hasira limewaponza wengi. Ila kumeza si kutulia.

Mwaka 1998 mwanasaikolojia wa Marekani, James Gross, aliwaonyesha watu filamu ya kuchukiza. Walioambiwa wafiche hisia walificha vizuri tu, lakini kinyaa kilibaki palepale na miili yao ikahangaika zaidi. Walioambiwa waitazame kwa jicho la kitaalamu walihisi kinyaa kidogo.

Chukua mhasibu aliyerudishiwa ripoti saa kumi jioni, kalamu nyekundu kila ukurasa. Kwanza aitambue hisia yenyewe: pengine ni aibu, si hasira. Kisha ajiulize kinachokataliwa ni nini, jumla zisizooana au yeye? (Mara nyingi ni jumla.) Asipojiuliza, atapanda nayo basi la mwendokasi hadi Kimara, na atakayelipa ni dada wa nyumbani aliyechelewesha chai.

Kubadili mtazamo hivi nako kuna mipaka, jambo ambalo wahamasishaji wetu hawapendi kulisema. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilieleza uchovu wa kazi kuwa matokeo ya msongo sugu wa kazini, si ugonjwa. Mshahara uliochelewa miezi mitatu hautibiwi kwa fikra chanya. Hasira hiyo ni ya haki, iandikiwe barua kwa mwajiri.