Lochi hakai peke yake: jinsi ya kusoma tabia za samaki hawa tangini

Wafugaji wengi huleta lochi, samaki wa sakafuni mwenye sharubu, mmoja au wawili nyumbani ili wamalize konokono waliojaa kwenye tangi. Baada ya wiki kadhaa lalamiko huwa lilelile: samaki hawaonekani, wamejibanza nyuma ya chujio mchana kutwa, au mmoja anamfukuza mwenzake mpaka mapezi yanachanika. Lawama humwendea samaki, kwamba ni mkorofi. Mara nyingi kosa liko kwenye idadi. Lochi, hasa wa jamii ya botia, ni samaki wa kundi, na kundi lao lina mkubwa na wadogo.

Anayefugwa sana katika jamii hiyo ni yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeusi, Chromobotia macracanthus, ambaye asili yake ni mito ya Sumatra na Borneo. Wakiwa wawili, mbabe ana mwenzake mmoja tu wa kumwonea, na mnyonge hapati nafasi ya kupumzika. Wakiwa watano au zaidi, ubabe huo unagawanyika na ni nadra mmoja kuumia. Watano ndio kiwango cha chini. Wanane ni bora zaidi, mradi tangi liwatoshe.

Ugomvi wa kutafuta ukubwa una dalili zake. Samaki wawili hujipanga ubavu kwa ubavu, wakazunguka wakisukumana. Mmoja wao au wote wawili hupauka: rangi ya chungwa inakuwa kijivu na mikanda myeusi inafifia kabisa. Husikika pia mlio mkavu, tak, tak, unaofika hadi nje ya kioo; mlio huohuo hutokea wakati wa kula. Mara nyingi mambo huisha baada ya muda mfupi na rangi hurudi. Hapo usiingilie. Lakini samaki akibaki amepauka siku nzima, anapumua harakaharaka au anajisugua kwenye mawe, huo si ugomvi tena. Pima maji mara moja: amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zote zinatakiwa kuwa 0. Kisha mkague kwa tochi kama ana madoa meupe kama chembe za chumvi.

Wengine hushtuka wakimkuta lochi amelala ubavu, hata chali, chini ya jiwe. Ndivyo wanavyolala. Kitu kingine cha kawaida ni mdogo kumfuata mkubwa akiwa amemgandama ubavuni, akigeuka kila anapogeuka. Mdogo huyo ametulia, hafukuzwi. Na baada ya kubadilisha maji, au samaki wapya wakiingia, kundi zima laweza kupanda na kushuka kwenye kioo kwa kasi. Likiendelea hivyo siku kadhaa mfululizo, hesabu tena samaki wako na uangalie kama wana maficho.

Maficho ndiyo yanayoamua amani ya tangi. Weka mashimo mengi kuliko samaki: kwa lochi sita, manane au zaidi. Vipande vya bomba la plastiki vinafaa sana, kingo zikipigwa msasa zisikwaruze ngozi. Kila shimo liwe na matundu mawili. Shimo lenye mlango mmoja ni mtego, kwa sababu anayefukuzwa akiingia humo mbabe humziba njia. Usishangae ukiwakuta wote wamebanana kwenye bomba moja na mengine yako wazi; hupenda kugusana. Sakafu iwe ya mchanga laini, maana kokoto zenye makali huharibu sharubu wanazotumia kutafutia chakula.

Chakula nacho huleta vita kikimwagwa mahali pamoja. Mkubwa huketi juu yake na kuwazuia wengine. Kitawanye sehemu tatu, na sehemu ya mlo uitoe baada ya kuzima taa, wanyonge wanapothubutu kutoka.

Wengi huona dawa ni kumwondoa mbabe. Akiondoka, wa pili hushika nafasi yake na mapambano yanaanza upya. Mtenge samaki pale tu unapoona mapezi yamechanika, tumbo limebonyea, au kuna mmoja ambaye hatoki kula kabisa. Tumbo likiendelea kubonyea ilhali anakula vizuri akiwa peke yake, fikiria minyoo.

Unapoongeza wapya, wakae kwanza kwenye tangi la karantini wiki 4. Magamba ya lochi ni madogo mno na ugonjwa wa madoa meupe huwashika upesi. Waingize kadhaa kwa pamoja, taa zikiwa zimezimwa, baada ya kuhamisha mawe na mabomba ili wenyeji wapoteze mipaka waliyokuwa wakiilinda. Mdogo mmoja akiingizwa peke yake ndiye atakayepokea vipigo vyote.

Kabla ya kununua kundi, fikiria ukubwa wao. Chromobotia hufikia sentimita 20 hadi 30 na huweza kuishi zaidi ya miaka 20, hivyo anahitaji tangi la urefu wa sentimita 180 hivi. Mwenye tangi la sentimita 90 afuge Ambastaia sidthimunki, ambao huishia sentimita 5 au 6, au lochi wembamba wa Pangio, ambao hurundikana bila ugomvi wa maana. Yasuhikotakia morleti, mwenye mstari mweusi mgongoni, ni mdogo pia lakini ni mkali. Usimchanganye na samaki wapole wenye mapezi marefu.

Siku ya kuwahamisha, tumia chombo cha plastiki badala ya kimia. Chini ya jicho lochi wa jamii ya botia ana mwiba anaouchomoa akiogopa, nao hunasa kwenye nyuzi na hutoboa mfuko, kwa hiyo mifuko iwe miwili, mmoja ndani ya mwingine. Akinasa kwenye kimia usimvute. Kata nyuzi kwa mkasi ukiwa umemshikilia ndani ya maji.